“Used to” katika mazungumzo ya kila siku: mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Mgonjwa wa presha, mzaliwa wa Tanga aliyehamia Birmingham kumfuata mwanawe, ameketi mbele ya daktari. Anaulizwa kama kuna dawa anazotumia. Anajibu bila wasiwasi: “I use to take one tablet every morning.” Kichwani mwake sentensi imekaa sawa: huwa nameza kidonge kimoja kila asubuhi. Daktari anaandika, anainua uso na kuuliza: “When did you stop?” Mama wa watu anabaki ameduwaa. Aache lini tena, na leo alfajiri amekimeza?

Hakuna aliyesema uongo hapo, wala daktari hakusikia vibaya. “Use to” na “used to” hutamkwa sawasawa, na sikio la Mwingereza linazijua sauti hizo kwa maana moja tu zinapofuatwa na kitenzi kitupu: jambo lilikuwapo, sasa halipo. Mgonjwa ametangaza kwamba dawa kaacha, na kwenye faili imeingia hivyo.

Ndiyo maana nimeuchagua msemo huu kati ya misemo mingi ya Kiingereza inayotusumbua. Ukisema “he go” badala ya “he goes”, msikilizaji atakuelewa na mazungumzo yataendelea. Amegundua tu kwamba lugha si yako. Ukikosea “used to”, Kiingereza chako kinaweza kusikika safi kabisa huku habari uliyoitoa ikiwa siyo. Shuleni tuliufanyia mtihani, andika upya sentensi hii bila kubadili maana, tukapata alama zetu, tukaenda. Gharama yake huonekana baadaye, kwenye usaili wa kazi, hospitali, au dirishani ubalozini.

Twende hatua kwa hatua. Hatua ya 2 na ya 5 ndizo nzito, hizo uzisome polepole.

Hatua ya 1: Tazama kilichotangulia

Usikimbilie maana. Kabla ya lolote, angalia neno lililokaa nyuma ya “used to”.

“My father used to drive a lorry.” Kabla ya “used to” yupo baba peke yake, hakuna “is” wala “was”. Hii ni habari ya zamani: baba alikuwa akiendesha lori, siku hizi haendeshi.

“My father is used to driving a lorry.” Sasa kuna “is”, na kitenzi kimeota “-ing”. Hapa ni mazoea: baba amezoea kuendesha lori, na huenda hivi tunavyozungumza yuko njiani Chalinze.

“This lorry is used to carry cement.” Kuna “is”, ila anayezungumziwa ni kitu, na kitenzi kimebaki kitupu. Hapa ni matumizi: lori hili hutumika kubebea saruji.

Kati ya sentensi ya kwanza na ya pili tofauti ni “is” moja na “-ing” moja, lakini katika ya kwanza mzee amestaafu na katika ya pili bado anatafuta riziki barabarani. Ukizoea kutupa jicho pande mbili, nyuma kuona kama kuna “be” au “get”, na mbele kuona kama kitenzi ni kitupu au kina “-ing”, nusu ya kazi umeimaliza.

Ipo pia “used” ya mitumba, “used clothes”, “a used car”. Hiyo haina ugomvi na mtu.

Hatua ya 2: Usiiache hu- ikuchagulie maneno

Kosa la yule mgonjwa lilianzia kwenye Kiswahili chake, na Kiswahili chake ni kizuri. Sisi tunayo hu-: huamka, husali, humeza. Tunayo na “huwa”: huwa naamka, huwa nasali. Ni umbo la jambo linalojirudia, lisilojali lilianza lini wala litakoma lini. Mwanafunzi akishaambiwa kwamba “used to” inahusu tabia na mambo ya kujirudia, anachofanya ni kuiondolea “d” ili aipate ya wakati uliopo, halafu anaibandika kila penye hu-. Mantiki yake haina kasoro. Tatizo ni kwamba Kiingereza cha leo hakina umbo hilo.

Zamani kilikuwa nalo. Biblia ya Kiingereza ya King James, iliyotoka mwaka 1611, ina maneno “as thou usest to do” katika Zaburi 119:132, yaani kama uwatendeavyo siku zote. Mtu wa karne ile angemwelewa mgonjwa wetu bila taabu. Baadaye umbo la wakati uliopo likafa, la wakati uliopita likabaki peke yake kama mjane. Kwa hiyo usitafute “uses to”, wala “I am using to”, wala “I will use to”. Hazipo.

Basi kila hu- inapokujia mdomoni, fanya hivi: tumia wakati uliopo wa kawaida, usiongeze kitu.

Huwa naamka saa kumi na moja alfajiri: “I wake up at five.”

Baba husali msikiti wa barabara ya pili: “My father prays at the mosque on the next street.”

Duka hili hufungwa Jumapili: “This shop closes on Sundays.”

Wengi huona sentensi hizi zimekaa uchi, wanatamani kuzivisha “usually”. Neno hilo ni zuri, ila lina ncha. “Usually” humwambia msikilizaji kwamba ziko siku mambo yanakwenda vingine. “I usually wake up at five” ni sawa, kwa kuwa kuna siku unalala mpaka jua likuwakie usoni. Lakini mwambie daktari “I usually take one tablet every morning” naye atakuuliza ni mara ngapi unaruka. Kama huruki, sema “I take one tablet every morning” na uishie hapo.

Kwenye usaili hali ni hiyo hiyo, tena kule hakuna atakayekuuliza umeacha lini. Fundi aliyeketi mbele ya mabosi watatu akisema “I used to repair generators”, wao wanasikia mtu aliyewahi kuwa fundi. Labda aliacha, labda alifukuzwa. Wanashukuru, wanaita mwingine. Alichotaka kusema ni “I repair generators”, na kama ana miaka ya kujivunia, “I have been repairing generators for eight years.”

Hatua ya 3: Ya zamani iseme kwa zamani

Sasa tuingie kwenye matumizi yake halali. “Used to” na kitenzi kitupu ni mwenzake wa “nilikuwa nikienda” au “nilikuwa naenda”, pale unapomaanisha kwamba lilikuwa jambo la kawaida na sasa limekoma. Jaribio lake ni rahisi. Itie sentensi yako “zamani” mwanzoni na “siku hizi sivyo” mwishoni. Ikikubali, “used to” inakaa.

Tulikuwa tukichota maji mtoni: “We used to fetch water from the river.” Siku hizi kuna bomba, au tumehama.

Inafaa kwa vitendo na kwa hali pia. Hapa palikuwa na mwembe mkubwa: “There used to be a big mango tree here.” Alikuwa mnene: “She used to be fat.” Nilikuwa na baiskeli: “I used to have a bicycle.”

Sasa mpaka wake, ambao wengi huuvuka bila kujua. “Used to” haipatani na hesabu. Ukishataja muda kamili au idadi ya mara, iondoe, urudi kwenye wakati uliopita wa kawaida. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliitwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997. Ukitaka kusema tu kwamba jina lilikuwa jingine, sema “Congo used to be called Zaire.” Ukitaja miaka, sema “Congo was called Zaire from 1971 to 1997.” Vivyo hivyo “I used to live in Morogoro”, lakini “I lived in Morogoro for six years.” Na “We used to go to Bagamoyo”, lakini “We went to Bagamoyo three times.”

Maneno kama “every Friday” na “on Sundays” yanaruhusiwa, maana yanasema jambo lilijirudia bila kuhesabu lilijirudia mara ngapi. Jambo la mara moja halimo kabisa. Ukisikia “Last week I used to go to Arusha” ujue msemaji alihitaji “went” tu.

Iko pia namna yake ya kuuma. Kwa kuwa “used to” hubeba ujumbe wa “sasa sivyo”, ukiitumia juu ya watu unaweza kuchoma bila kukusudia. “I used to respect him” si kumbukumbu ya heshima, ni tusi. “He used to be my friend” maana yake tumegombana. Kumwambia dada wa watu “You used to be so slim” ni kumwambia amenenepa, hata kama ulitaka kumsifu kwa picha ya harusi yake. Kwa marehemu haina ubaya, tena ndiyo inayofaa: “My grandmother used to say that visitors bring blessings.” Bibi hayupo, hivyo hakuna anayejiuliza aliacha lini.

Kama jambo lilianza zamani na bado linaendelea, lazima uufungue mlango kwa mkono wako: “I used to buy fish here when I was a student, and I still do.” Bila kile kipande cha mwisho, muuza samaki mwenyewe ataona umemhama.

Kuhusu “would”, ambayo vitabu huiweka jirani na “used to”: inatumika unaposimulia, baada ya kuweka wazi ni enzi zipi. “When we were children, Grandmother would light the lamp and tell us stories.” Haikubali hali kama kuwa na kitu, kupenda au kuishi mahali. “I would have a bicycle” haisemi kwamba ulikuwa nayo. Ukiwa na shaka, “used to” haitakuangusha.

Hatua ya 4: Kukana na kuuliza

Ukiingiza “did”, ile “d” ya “used” inaondoka, kama inavyoondoka alama ya wakati uliopita kwa kila kitenzi.

“I didn’t use to eat octopus.” Zamani nilikuwa sili pweza.

“Did you use to live in Mombasa?” Uliwahi kuwa mkazi wa Mombasa?

Utakutana na “didn’t used to” iliyoandikwa na Waingereza na Wamarekani wenyewe. Mdomoni hakuna tofauti, ndiyo maana hata wao huandika vyovyote. Kwenye mtihani na barua rasmi andika bila “d”. Iko pia “used not to”, umbo la kikale ambalo huna haja ya kulisema, ila ulitambue ukilisoma.

Ushauri wangu, ambao vitabu vingi vya shule huupita haraka: tumia “never”. “I never used to eat octopus” inasikika ya kawaida zaidi kuliko “I didn’t use to”, na inakuepusha na swali la “d” moja kwa moja.

Ukiulizwa kwa kukana, tahadhari. Mtu anakwambia: “Didn’t you use to work at the port?” Kama hukuwahi kufanya kazi bandarini, Kiswahili kinakusukuma kujibu “Ndiyo, sikuwa nafanya.” Ukijibu “Yes” kwa Kiingereza umekubali kwamba ulikuwa huko. Jibu lako ni “No, I didn’t.” Yeye anachosikiliza ni kama jambo lilikuwapo au halikuwapo, hata kama swali lake limekaa upande wa kukana.

Hatua ya 5: Mazoea, penye mtego wa ku-

“Be used to” ni -zoea yetu. Hapa Kiswahili kinatutegea mara mbili.

Mtego wa kwanza uko kwenye -me-. Tunasema “nimezoea”, na kwa kuwa tumezoeshwa kwamba -me- ni “have”, inatoka “I have used to it”. Lakini “nimezoea” inaeleza hali uliyomo sasa, sawa na “nimechoka” au “nimesimama”. Hakuna anayesema “I have tired”. Ni “I am tired”. Basi na hii ni “I am used to it.” Zipange hivi:

Nimezoea: “I am used to it.”
Sijazoea: “I’m not used to it yet.”
Naanza kuzoea: “I’m getting used to it.”
Utazoea: “You’ll get used to it.”
Nilikuwa nimezoea: “I was used to it.”
Hatimaye nilizoea: “In the end I got used to it.”

Ona “be” na “get” zinavyogawana kazi. “Be” ni kuwa ndani ya mazoea, “get” ni kuyaingia. Mgeni aliyefika jana hawezi kusema “I am used to the cold”. Atasema “I hope I’ll get used to the cold.”

Na usilidharau lile “yet” kwenye “sijazoea”. Kiswahili chetu kina “bado” iliyojificha ndani ya -ja-: sijazoea, ila nitazoea. “I’m not used to this food” bila “yet” inaweza kusikika kama lalamiko, na mwenyeji aliyekupikia akanuna. Ongeza “yet”, ubakize matumaini mezani.

Mtego wa pili ni ku-. Kila siku ku- yetu inageuka “to” bila matata: nataka kula, “I want to eat”, nimekuja kuuliza, “I have come to ask”. Hivyo “nimezoea kula” inatoka yenyewe: “I am used to eat”. Kosa. “To” ya hapa haikuja na kitenzi. Ni ya “used”, imeganda nayo, na inachosubiri mbele yake ni jina la kitu. Kama unataka kuweka kitendo, kigeuze kiwe jina kwa “-ing”: “I am used to eating late.”

Ukisahau, weka “it”. Je, inawezekana kusema “I am used to it”? Inawezekana. Basi panapokaa “it” panakaa jina au “-ing”. Je, “I used to it”? Haiwezekani. Basi hapo panakaa kitenzi kitupu. Jaribio hilo hilo litakuokoa kwenye barua za kuomba kazi, pale mwishoni ambapo watu wengi huandika “I look forward to hear from you”. “I look forward to it” inawezekana, kwa hiyo ni “I look forward to hearing from you.”

Kauli ya kutendwa nayo ina njia yake. Hajazoea kuambiwa hapana: “He’s not used to being told no.” Ile -wa ya “kuambiwa” ndiyo “being”. Sijazoea kupigiwa kelele: “I’m not used to being shouted at.” Ukitaka kumtaja anayekupigia, mweke katikati: “I’m not used to people shouting at me.” Sentensi hii ya mwisho ikariri kama ilivyo. Inasemwa kwa sauti ya chini, na inafanya kazi ofisini kuliko kurudisha kelele.

Mfano mmoja unaokusanya yote. Madereva wa malori wanaotoka Dar es Salaam kwenda Kigali huendesha upande wa kushoto mpaka Rusumo. Wakishavuka mpaka na kuingia Rwanda wanahamia kulia. Dereva mgeni wa njia hiyo atasema: “I’m used to driving on the left. I’m still getting used to driving on the right.” Mkongwe atasema: “I’m used to changing sides.” Na aliyeiacha kazi hiyo akafungua gereji: “I used to change sides at Rusumo every week.” Huyu wa mwisho hana “am”, kwa hiyo hana “-ing”.

Hatua ya 6: Vitu, na mtu aliyegeuzwa kitu

“A panga is used to clear grass.” Panga hutumika kufyekea majani. Ukiulizia kifaa usichokijua, sema “What is this used for?” na jibu linaweza kuja kwa “for” pia: “It’s used for opening bottles.”

Hatari ni pale mwenye “is used to” na kitenzi kitupu anapokuwa binadamu. “He is used to clean the office” inasomeka kana kwamba kijana anatumiwa kama ufagio. Uliyetaka kumsema amezoea kusafisha ofisi ni “He is used to cleaning the office”. Kama ndiyo kazi yake tu, “He cleans the office.”

Hatua ya 7: Matamshi

Ya zamani na ya mazoea hutamkwa kwa “s”, na ile “d” humezwa na “t” inayofuata: yuusta. Kama neno linalofuata linaanza na irabu, inakuwa yuustu, kama katika “used to eat”. Ya kutumika hutamkwa kwa “z”, na “d” husikika kidogo: yuuzd tu.

Ulimi wetu hupenda kumaliza silabi kwa irabu, kwa hiyo hutoka “yuzidi tu” kwa zote. Hapo msikilizaji anasikia ya vifaa, na “I used to drive” inamkwaza kidogo mpaka aipange upya kichwani. Isemee kwa pumzi moja, aiyuusta, bila kupumzika kati ya “used” na “to”. Ukiweza hiyo, utaanza pia kuisikia wanapoisema wao, maana wanaipitisha haraka.

Hatua ya 8: Jipime

Tafsiri hizi kabla ya kusoma majibu. Funika kwa kiganja kama uko kwenye simu.

Kwanza: Huwa nakunywa chai bila sukari.
Pili: Zamani nilikuwa nakunywa chai na sukari nyingi.
Tatu: Nimezoea kunywa chai bila sukari.
Nne: Mzoea punda hapandi farasi.
Tano: Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.
Sita: Nilifundisha Kigoma miaka minne.
Saba: Nilikuwa naichukia baridi, sasa nimeizoea.
Nane: Nilizoea kwenda sokoni na mama.

Majibu. Ya kwanza, “I drink tea without sugar.” Ya pili, “I used to drink tea with a lot of sugar.” Ya tatu, “I’m used to drinking tea without sugar.” Kama ya kwanza na ya pili zimekuja na “use to” zote mbili, rudi hatua ya 2.

Ya nne, “A person who is used to donkeys doesn’t ride a horse.” Baada ya “to” limekaa jina, hakuna haja ya “-ing”. Ya tano ukiigeuza kuwa kitendo, “A person who is used to strangling can’t slaughter.” Mzungu ataelewa maneno lakini hataelewa kinachochekesha, hilo si kosa la sarufi yako.

Ya sita ina hesabu: “I taught in Kigoma for four years.” Ya saba inazitumia zote mbili kwa pamoja na ndiyo kipimo kizuri cha ulimi: “I used to hate the cold, but I’m used to it now.” Isome kwa sauti mpaka itoke bila kukwama.

Ya nane ndiyo ngumu, kwa sababu Kiswahili chenyewe hakijaamua. “Nilizoea kwenda sokoni na mama” inaweza kumaanisha ilikuwa kawaida yetu kwenda pamoja, na hapo ni “I used to go to the market with my mother.” Inaweza pia kumaanisha mwanzoni niliona tabu, kisha nikazoea: “I got used to going to the market with my mother.” Jiulize kwanza ulitaka kusema ipi. Wengi wetu, tukisema hivyo tukiwa tumeshahama nyumbani, tunamaanisha ile ya kwanza.